Mtoto hulala kwa ratiba ya mwajiri

Kwa Walatino wanaovuna, kusafisha na kupika nchini Marekani, saa ya mtoto kulala hupangwa na zamu ya mzazi. Wameimudu hali hiyo kwa akili na kwa kushikana mikono, lakini mzigo huu haupaswi kuwa wao peke yao.

Saa 10 alfajiri mjini Watsonville, kwenye mashamba ya stroberi ya pwani ya kati ya California, taa za jikoni zimeshawaka katika nyumba nyingi. Mama anapasha tortilla, anazijaza maharage na mayai, anazifunga kwa karatasi ya foili. Akimaliza anaingia chumbani, anamwinua mtoto wake wa miaka 3 bila kumwamsha, anamfunika blanketi na kumbeba hadi kwenye gari. Viatu atavishwa baadaye na mtu mwingine. Baada ya dakika chache anamkabidhi kwa mlezi, mwanamke wa mtaa wa pili ambaye sebuleni kwake kuna magodoro madogo yaliyotandikwa sakafuni. Mtoto akibahatika, usingizi utamrudia. Mama anawahi shambani, maana kazi huanza mara tu mwanga unapotosha kutambua tunda lililoiva.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino takribani milioni 62, karibu mtu 1 kati ya kila watu 5 nchini humo. Asili zao ni Mexico, Puerto Rico, El Salvador, Cuba, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na kwingineko. Wamo walimu, madaktari, mawakili na wafanyabiashara. Hata hivyo, ukienda mashambani, kwenye ujenzi, kwenye usafi wa majengo, jikoni mwa migahawa na kwenye viwanda vya nyama, utawakuta kwa wingi unaozidi sana sehemu yao katika idadi ya watu. Hizo ni kazi za alfajiri, za usiku na za mwishoni mwa wiki, na nyingi hulipwa kwa saa.

Ushauri kuhusu usingizi wa watoto umejaa vitabuni, kliniki na kwenye simu za wazazi. Karibu wote huanzia kitandani: mlaze saa fulani, zima taa, punguza kelele, usimzoeshe mikononi. Kwa familia hizi, ushauri wa maana ungeanzia mbali zaidi, kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani kazini.

Hesabu ya usiku mmoja

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu hiyo.

Turudi kwa mtoto wa mvunaji. Tuseme alilala saa 4 usiku na akabebwa saa 10 na nusu alfajiri. Hapo amepata saa 6 na nusu. Akilala tena kwa mlezi kuanzia saa 11 hadi saa 1 asubuhi, ameongeza 2. Akilala 2 nyingine baada ya chakula cha mchana, jumla ni saa 10 na nusu. Kwa karatasi, amefikisha kiwango. Lakini usingizi huo umekatwa vipande vitatu, katika nyumba mbili, kwenye magodoro mawili, na kila kipande kinategemea mambo yasivurugike: mlezi asiugue, gari liwake, mtoto mwingine asilie sebuleni. Siku mojawapo ya hayo likiharibika, mtoto analipa kwa saa 2 au 3 za usingizi, na jioni mzazi aliyechoka anampokea mtoto aliyechoka zaidi.

Kwa nini asilazwe mapema, saa 1 usiku? Cha kwanza kinachokwamisha hilo ni jua lenyewe. Msomaji wa Tanga au Mombasa amezoea jua linalozama saa 12 na nusu hivi, mwaka mzima. California, mwezi Juni, jua huzama karibu saa 2 na nusu usiku, na huo ndio msimu wa mavuno, wakati kazi ni nyingi na siku ni ndefu. Mtoto wa kulala saa 1 angelazwa mchana kweupe, wenzake wakicheza nje.

Kisha kuna dawa za mashambani. Mabaki ya viuatilifu hushika kwenye nguo, viatu na nywele, na wafanyakazi hufundishwa kuvua nguo za kazi na kuoga kabla ya kumgusa mtoto. Kwa hiyo mama anayerudi saa 11 jioni hapokei kumbatio mlangoni. Anapita moja kwa moja bafuni, huku mtoto akimlilia nje ya mlango. Baada ya hapo kuna chakula, vyombo, nguo za kesho na mtoto mkubwa mwenye kazi za shule. Muda wa mama na mtoto kukaa pamoja kwa utulivu unakuja saa 2 au saa 3 usiku. Kumlaza mtoto wakati huo ni kuukata muda pekee alionao na mzazi wake. Wengi wanaomchelewesha mtoto kulala wanajua anahitaji usingizi, na wanajua pia kwamba amemkosa mama kutwa nzima.

Wanaopokezana mlangoni

Los Angeles ina sura nyingine ya jambo hilohilo. Maghorofa ya ofisi husafishwa usiku, watumishi wakishaondoka, na wanaoyasafisha kwa sehemu kubwa ni wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Ni watu wa historia kubwa. Mwaka 1990 wasafishaji wa eneo la Century City waligoma wakidai mishahara bora na haki ya kuwa na chama. Tarehe 15 Juni polisi waliwapiga barabarani mbele ya kamera, na baadaye wasafishaji hao walishinda madai yao. Lakini zamu ya usiku ilibaki.

Katika nyumba ya msafishaji, wazazi wengi hugawana saa 24. Baba anafanya kazi ya ujenzi tangu asubuhi. Mama anatoka jioni. Wanaonana kwa dakika chache mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, na mtoto anapita kutoka mikono ya huyu kwenda ya yule pamoja na habari fupi: amekula, hajaoga, ana mafua. Baba ndiye anayemlaza. Mama anarudi saa 8 usiku, anajinyoosha kando ya mtoto, na saa 12 asubuhi anaamka kumtayarisha mkubwa kwenda shule.

Mpango huu unaokoa fedha, kwa kuwa malezi ya mchana ni ghali mno Marekani na kituo kinachofungua usiku ni nadra kukipata. Tena unampa mtoto kitu cha thamani: daima yuko na mzazi mmoja. Gharama yake inaangukia usingizi wa wakubwa. Mama wa zamu ya usiku hulala kwa vipande kama mtoto mchanga, miaka nenda miaka rudi, na ni yeye anayetakiwa kuwa na subira pale mtoto anapokataa kulala.

Kuna jingine ambalo akina mama wanaonyonyesha wanalifahamu vizuri. Mtoto anayemkosa mama mchana huweza kukataa chupa au kuinywa kidogo tu, kisha kufidia kwa kunyonya usiku kucha mama akiwepo. Mwili wake umefanya hesabu yake sawasawa. Dawa ya hapo ni mama apate nafasi ya kukamua maziwa kazini. Sheria iliyopitishwa Marekani mwezi Desemba 2022 iliipanua haki hiyo ya mapumziko ya kukamua hadi kwa wafanyakazi wa mashambani, ambao sheria nyingi za kazi nchini humo zimewaacha nje tangu zamani.

Kitanda kimoja, ushauri wa namna mbili

Mwaka 1992 Gilda Morelli, Barbara Rogoff na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha akina mama wa jamii ya Wamaya wa nyanda za juu za Guatemala na akina mama wa tabaka la kati wa Marekani. Watoto wa Kimaya walilala na mama zao hadi mwaka wa pili na kuendelea, na walisinzia usingizi ulipowajia, katikati ya watu wa nyumbani. Wale wa Marekani, wengi walikuwa wameshahamishiwa chumba chao kufikia umri wa miezi 6, na kulazwa kwao kulikuwa shughuli yenye saa maalumu, nguo maalumu na hadithi. Akina mama wa Kimaya walipoelezwa kwamba kuna watoto wachanga wanaolazwa peke yao chumbani, walishtuka na kuwahurumia.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mshtuko huo. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Kati zina desturi kama yetu: mtoto hulala na mama, au na bibi, au na ndugu zake, na upweke wa usiku hauhesabiwi kuwa somo la maisha. Wahamiaji walifika na desturi hiyo, wakaikuta Marekani ambako mwaka 1985 daktari Richard Ferber wa Boston alikuwa amechapisha kitabu kilichowafundisha wazazi kumwacha mtoto ajifunze kulala mwenyewe, wakirudi kumtazama baada ya muda unaoongezwa kidogo kidogo. Njia hiyo imewasaidia wengi. Lakini inadhani kuna chumba cha mtoto, kuta nene na wazazi wanaoweza kuvumilia kilio cha nusu saa. Katika nyumba ya mjini Salinas, California, ambamo familia mbili zinagawana kodi na vyumba, mtoto akilia saa 7 usiku anaamsha watu 8, na watatu kati yao wana zamu ya alfajiri. Atanyamazishwa mara moja, kwa ziwa, kwa kubebwa, kwa kuhamishiwa kitandani. Huo ni uungwana kwa majirani wa chumba cha pili.

Hapa lazima kusema wazi kuhusu usalama, maana mapenzi peke yake hayamlindi mtoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilianza mwaka 1992 kushauri kwamba mchanga asilazwe kifudifudi. Kampeni ya nchi nzima ya kuwalaza wachanga chali ilifuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vikapungua kwa takribani nusu kufikia mwishoni mwa muongo huo. Bado wachanga kama 3,500 hufariki kila mwaka Marekani katika mazingira ya usingizi. Mwongozo wa chama hicho wa mwaka 2022 unasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza, lakini juu ya godoro lake, gumu na tambarare, bila mto, blanketi laini wala midoli.

Sehemu ya kwanza ya ushauri huo, chumba kimoja, familia za Kilatino zimekuwa zikiifanya siku zote, na takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kiwango chao cha vifo vya ghafla vya wachanga kiko chini ya kile cha Wazungu na cha Weusi. Sehemu ya pili, godoro la peke yake, ndiyo inayohitaji msaada wa kweli, kwa kuwa kitanda cha mtoto kinataka fedha na nafasi sakafuni.

Na kuna onyo moja ambalo mzazi wa zamu ya usiku anapaswa kulijua kuliko yeyote. Mahali pa hatari kubwa kabisa pa kusinzia na mchanga ni kwenye kochi au kiti cha mapumziko, ambako mtoto anaweza kuzama kati ya mto na mwili wa mtu mzima. Madaktari haohao wanaopinga kulala kitanda kimoja wanakubali kwamba, kama mama anahisi usingizi utamchukua akinyonyesha, ni afadhali awe kitandani, mito na mablanketi yakiwa yameondolewa, kuliko kwenye kochi. Mama mwingine, kwa kuogopa kulaumiwa, huhama kitanda usiku na kwenda kunyonyesha kwenye kochi akidhani ameepuka kosa. Kliniki inayomkemea mzazi badala ya kuzungumza naye inamnyima taarifa inayoweza kumwokoa mwanawe. Akiulizwa mtoto analala wapi, atatoa jibu analojua linatakiwa, na mazungumzo yataishia hapo.

Mikono ya wengi

Nguzo ya usingizi katika nyumba hizi ni ukoo. Bibi analala na mjukuu wa kwanza ili mama abaki na mchanga peke yake. Shangazi asiye na zamu Jumapili anachukua watoto wote ili dada yake alale mchana. Wazazi wa ubatizo, ambao kwa Walatino ni ndugu kamili, huitwa pale mlezi anapokosekana. Wako pia walezi wa mtaani wanaofungua milango saa 11 alfajiri, saa ambayo vituo vingi vimefungwa.

Serikali nayo iliwahi kuona jambo hili. Mpango wa Head Start wa malezi na elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini ulianza mwaka 1965. Mwaka 1969 lilianzishwa tawi la watoto wa vibarua wa mashambani, linalopokea hata wachanga na kupanga saa zake kufuatana na msimu wa mavuno. Ni uthibitisho kwamba huduma ikitaka inaweza kuifuata saa ya mzazi. Tatizo ni kwamba nafasi hazitoshi, na mtoto wa msafishaji wa ghorofa hana tawi lake.

Utaratibu wa jioni

Mwaka 2009 mtafiti Jodi Mindell na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa akina mama 405 na watoto wao wadogo. Waliopewa utaratibu uleule kila usiku, yaani kuoga, kupakwa mafuta kwa kukandwa, kisha shughuli ya utulivu kabla ya taa kuzimwa, waliona mabadiliko ndani ya wiki 2: watoto walisinzia upesi zaidi, waliamka mara chache zaidi, na akina mama wenyewe walikuwa na hali nzuri zaidi ya moyo.

Uzuri wa matokeo hayo ni kwamba hayadai chumba wala fedha. Mtoto hushika mfuatano wa mambo: baada ya hili linakuja lile, kisha usingizi. Familia za Kilatino zina hazina kubwa ya mambo ya kupanga hivyo. Kuna nyimbo za kubembeleza za Kihispania ambazo kila bibi anazijua. Kuna rebozo, mtandio mrefu wa Mexico unaofanya kazi ileile ya mbeleko yetu. Kuna sala fupi na baraka ya mkono kichwani. Mfuatano huohuo unaweza kufanywa na baba Jumatatu, bibi Jumanne na mama siku yake ya mapumziko, na mtoto akautambua.

Mazoea machache yanahitaji kurekebishwa. Chupa ya maziwa inayobaki mdomoni mtoto akiwa amelala huozesha meno yake. Chai ya manzanilla, yaani ya maua ya kamomili, yenye asali, ambayo wengi huiamini kwa tumbo na usingizi, haifai kwa aliye chini ya mwaka 1, kwa kuwa asali inaweza kubeba vimelea vya botulismu. Mwaka 2018 wachanga 4 huko Texas walilazwa hospitalini kwa ugonjwa huo baada ya kunyonya chuchu bandia zilizojazwa asali, zilizotoka Mexico. Bibi aliyempa mtoto asali alitaka alale vizuri. Aelezwe kwa heshima, na ataacha.

Zamu inayojulikana mapema

Utaratibu wa jioni unavunjika pale ambapo mzazi hajui kesho ataingia saa ngapi. Katika maduka na migahawa ya vyakula vya haraka, zamu hubadilishwa kwa ujumbe wa simu siku hiyohiyo. Mama aliyepanga kumlaza mtoto saa 2 anaitwa kazini saa 12 jioni, na akikataa, wiki ijayo atapangiwa saa chache.

Baadhi ya miji imechukua hatua. Seattle, New York na Emeryville, mji mdogo jirani na Oakland, zilianza mwaka 2017 kuwataka waajiri wakubwa wa sekta hizo watangaze ratiba mapema, kwa kawaida wiki 2 kabla, na kulipa fidia wakiibadilisha ghafla. Chicago ilifuata mwaka 2020 na Los Angeles mwaka 2023. Huko Emeryville, Elizabeth Ananat na Anna Gassman-Pines waliwafuatilia wazazi wenye watoto wadogo kwa maswali ya kila siku kwenye simu, kabla na baada ya sheria. Mabadiliko ya ghafla ya zamu yalipungua, na usingizi wa wazazi ukawa bora. Utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta vivyo hivyo kwa wafanyakazi. Hawakufundishwa namna ya kulala. Waliambiwa mapema tu watafanya kazi lini.

Sheria hizo hazijafika mashambani wala kwenye viwanda vingi vya nyama. Na likizo ya uzazi bado ni jeraha: sheria ya taifa ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena kwa aliyefanya kazi mwaka mzima katika mahali penye wafanyakazi 50 au zaidi. California ilianza kulipa likizo ya familia mwaka 2004 na majimbo mengine yamefuata, lakini Walatino ni miongoni mwa wasiofikiwa zaidi na likizo yenye malipo. Mama asiyemudu kukosa mshahara hurudi kazini kabla mchanga hajatofautisha usiku na mchana.

Habari hii inatugusa pia. Mjini Waterloo, jimbo la Iowa, kwenye kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe, Wakongo wanaozungumza Kiswahili husimama mstari mmoja na Walatino. Zamu ya pili huanza alasiri na kwisha karibu usiku wa manane, na watoto wao wanalazwa na ndugu, jirani au kaka mkubwa. Mambo ambayo Walatino wamejifunza kwa miongo kadhaa, kuanzia kugawana zamu hadi kudai haki kupitia vyama, ni elimu ambayo watu wetu wanaweza kuichukua moja kwa moja.

Daktari anayetaka kumsaidia mtoto wa familia hizi alale vizuri amuulize mzazi kwanza anaingia kazini saa ngapi na anarudi saa ngapi, kisha amshauri kulingana na jibu. Mwenye jengo ahamishie usafi mchana, kama baadhi ya majengo ya Marekani yalivyokwisha kufanya bila ofisi kusimama. Mwajiri atangaze zamu wiki 2 kabla hata pale ambapo sheria haimlazimishi. Serikali ifungue vituo vya malezi saa 11 alfajiri kwa watu wanaoilisha nchi. Wazazi wenyewe wameshafanya sehemu yao, usiku baada ya usiku, na kinachosubiriwa sasa ni upande wa pili.